Miezi miwili na modi ya silaha za baruti: uzoefu wangu, Tabora

Gemu la kompyuta la vita na kujenga miji liitwalo 0 A.D. ni la bure, na ndiyo maana wengi wetu tusio na hela ya magemu ya kulipia tunalo. Kwa mtu anayependa bunduki za kale lina kasoro moja: historia yake ni ya zama za kale, kabla ya bunduki. Ni mikuki, mishale na ngao tu. Niliposikia kuna modi, yaani nyongeza iliyotengenezwa na mchezaji, ya kuongeza askari wa baruti, nilisubiri bando la usiku nikaipakua.

Aliyeitengeneza anajua gobore linavyofanya kazi, na hilo limenifurahisha kuliko mengine yote. Askari wa bunduki ya utambi akishafyatua, anasimama. Anamimina baruti, anatia risasi, anashindilia kwa mdeki, ndipo anainua tena. Inachukua karibu nusu dakika, na ndani ya muda huo wapanda farasi wameshakufikia. Siku ya kwanza nilipoteza askari 40 kwa kutowawekea watu wa mikuki mbele yao.

Nilimkumbuka babu yangu, kule Sikonge. Alikuwa na gobore lenye kibali. Nikiwa mdogo alinikalisha kando akalipakia: baruti kiganjani, anaikadiria kwa macho, anaimimina mtutuni, kipande cha kitambaa, mdeki mara tatu, nne, huku akisikiliza mlio mpaka ubadilike, gololi, kitambaa tena, mwisho kabisa fataki. "Mjukuu wangu, hili halitaki haraka," aliniambia. Kwenye skrini nimeuona utaratibu uleule.

Halafu kuna baruti yenyewe. Modi imeifanya mali ya tano, pamoja na chakula, mbao, mawe na chuma. Unaitengeneza kwa shura, mkaa na salfa, au unainunua kwa misafara. Ikiisha, bunduki zako ni rungu tu. Nilimfungia mpinzani njia ya msafara, na baada ya dakika kumi wapiga bunduki wake wote walikuwa wanapigana kwa visu. Karne ya 19 mji wetu uliishi hivyohivyo: pembe za ndovu zikishuka pwani, nguo, bunduki na baruti zikipanda bara. Mirambo, mtemi wa Urambo, alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, kuanzia mwaka 1871, aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na biashara ya watu wengi ikakwama.

Ghala la baruti likishika moto linalipuka na kila kilicho karibu. Lilipolipuka langu, niliacha kipanya nikakaa kimya. Mwaka 1893 Wajerumani walipoingia bomani kwa mtemi Isike, hapahapa Tabora, yeye alililipua ghala lake la baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Tulisimuliwa hilo tangu utoto, lakini sikuwahi kufikiria ukubwa wa mlipuko wenyewe.

Kasoro zipo. Bunduki ya gumegume, ile inayowasha baruti kwa cheche za jiwe, imepewa kasi ileile ya bunduki ya utambi, na hilo si kweli. Askari aliyefunzwa vizuri kwa gumegume aliweza kufyatua mara tatu kwa dakika. Laptopu yangu ya RAM ya GB 4 inaganda moshi ukizidi, kwa hiyo punguzeni ubora wa picha kabla ya vita kubwa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba vikosi vyote ni vya Ulaya, Uturuki, China na Japani. Rugaruga, wale wapiganaji wa Mirambo na watemi wengine, hawamo, wakati hao walibeba gobore pamoja na mkuki na upinde, na walikuwa wepesi wa kuvizia. Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili yao.

Nilimwandikia mtengenezaji kuhusu hilo. Amejibu anaomba picha za gobore la huku kwetu, hasa kiwashio na kitako. La babu liko kwa baba mdogo. Jumamosi napanda basi la Sikonge kwenda kulipiga picha.