Albamu "+" ya Ed Sheeran: uanzie wimbo upi?

Hii ndiyo albamu ya kwanza ya Mwingereza huyu. Ilitoka Septemba 2011, ikichanganya foki, pop na hip hop, na ina milango miwili.

"The A Team" ni gitaa linalodonolewa taratibu. Sauti yake haipandi sana, ingawa anasimulia habari za mwanamke asiye na makazi aliyetekwa na dawa za kulevya. Usipofuatilia maneno utadhani ni wimbo wa mapenzi tu. Ujanja wake uko hapohapo. Mwaka 2012 ulishinda Ivor Novello, tuzo ya Uingereza ya watunzi wa nyimbo.

"You Need Me, I Don't Need You" ni habari nyingine kabisa. Hapa anachana kwa kasi, akiwatolea uvivu wanaotaka kumbadilisha. Jukwaani ndiko unakonoga: anagonga ubao wa gitaa, anabonyeza kifaa kwa mguu, mdundo unajirudia wenyewe, naye anaimba juu yake bila bendi. Kwenye rekodi (samahani kwa mashabiki) majigambo yanachosha kidogo.

Mpenda hadithi aanze na wa kwanza. Aliyekulia kwenye rap ataingia kwa wa pili, ila asiishie hapo.