Apu tatu za hisa zimepita kwenye simu yangu, imebaki moja

Haya wadau, swali la "unanunulia hisa apu gani" nimeulizwa mpaka dukani na wateja, kwaiyo naandika hapa mara moja niwe nawaonyesha tu. Mimi nipo Mwanza, nauza vipuri vya pikipiki, sio mtaalamu wa fedha wala simuuzii mtu kozi. Nilianza 2022 na laki tatu ya mchezo wa kupeana, zamu yangu ilifika nikasema safari hii sinunui kochi.

Apu ya kwanza niliwekewa na shemeji. Ya nje hiyo, skrini nyeusi, mishumaa ya kijani na nyekundu ya kuonyesha bei inapanda inashuka hata ukiwa umelala, akaunti inafunguka dakika kumi na wanakupa bonasi. Nikaona Tesla, Coca-Cola, Apple, zote zipo, nikanunua Tesla ya elfu hamsini nimekaa Mabatini nasubiri uji upoe, aisee nilijiona mwanahisa wa Marekani. Kumbe hamna. Nilikuja kusoma masharti baadae nikakuta ni CFD, yani hisa hununui, unabashiri tu bei na kampuni yenye apu, huna kura, hauandikwi popote kuwa mmiliki. Afu kuna levereji, mia yako wanaihesabu kama mia tano, ambayo inanoga bei ikipanda lakini ikishuka asilimia 20 tu hela yako imeisha, na kila usiku unaokuwa na oda wazi wanakukata kidogo.

Ulaya walishaliona hili. Mamlaka yao ya masoko, ESMA, mwaka 2018 ilisema akaunti za watu wa kawaida zinazopoteza kwenye CFD ni asilimia 74 hadi 89, ndo maana kampuni za huko zinalazimishwa kuandika asilimia yao pale mbele kabisa kabla hujajiunga. Ile yangu ilisajiliwa kisiwani huko sijui wapi, haikuandika kitu. Siku nataka kutoa hela wakasema tuma kitambulisho, nikatuma, wakasema tuma bili ya umeme yenye jina lako. Bili ya umeme! Sisi tunatumia LUKU, na mita ina jina la mwenye nyumba, mimi mpangaji natoa wapi bili? Elfu thelathini na kitu ilibaki huko mpaka leo. Shemeji yeye aliacha hela ya bodaboda nzima, tusiongelee.

Apu ya pili ilikuwa ya dalali wa hisa wa hapahapa nchini, mwenye leseni kabisa, jina nalihifadhi. Kwa kuitazama tu ilikuwa nzuri kuliko zote, rangi zimepangwa, grafu, habari za kampuni, inakusalimia kwa jina asubuhi. Kununua ilikuwa fasta. Shida nikaijua siku nauza. Ada ya mtoto ilikuwa imekaribia, nikaweka oda ya kuuza, siku ya pili nikaletewa ujumbe kwamba zimeuzwa, vizuri, nikahesabu siku tatu za kazi maana kwa soko la Dar malipo yanakamilika siku tatu baada ya dili. Siku tatu zikapita, tano zikapita, ya tisa napiga simu naambiwa "kaka, njoo ofisini ujaze fomu". Ofisi iko Dar. Nauli ya basi kwenda na kurudi pamoja na kulala ingekula karibu nusu ya hela yenyewe, ikabidi nimtume mdogo wangu anayesoma huko. Hela ilitoka siku ya kumi na sita, ada nikawa nimeshakopa kikoba.

Tangu hapo apu naipima kwa kuuza. Mtu akinisifia apu yake namuuliza kitu kimoja, umeshawahi kutoa hela? Wengi hawajawahi, wanasifia rangi.

Iliyobaki ni DSE Hisa Kiganjani, ya Soko la Hisa la Dar es Salaam wenyewe. Sura yake ya kawaida tu, usitegemee manjonjo. Unajisajili kwa namba ya NIDA, unapata akaunti ya CSD (daftari kuu linalotunza hisa na majina ya wenye nazo), unachagua dalali mle mle, unaweka oda, unaletewa namba ya malipo unalipia kwa simu kama unavyolipa maji. Kilichonifurahisha ni kwamba inakulazimisha uelewe kitu ambacho zile nyingine zinakificha, kwamba apu ni dirisha tu, nyuma yake kuna dalali, na hisa zako hazikai kwa dalali wala kwenye simu, zinakaa CSD kwa jina lako. Simu ikiibiwa hisa zipo. Ukimchoka dalali unaenda kwa mwingine. Ndo maana kabla ya kuangalia nyota za Play Store nenda kwanza tovuti ya CMSA, mamlaka ya serikali inayosimamia masoko ya hisa, kuna orodha ya madalali wenye leseni, kama kampuni haimo basi hata kama apu inaongea Kisukuma achana nayo.

Gharama sasa, maana hapa watu wanalalamika. Ukinunua hisa za kiasi cha kawaida makato yote, dalali na soko na CMSA na wengine, yanafika kama asilimia 2, na ukiuza 2 nyingine. Kwa laki tatu yangu ni kama elfu sita kuingia na elfu sita kutoka, maana yake bei isipopanda zaidi ya asilimia 4 nimefanya kazi ya bure. Kwaiyo ule mtindo wa kununua asubuhi kuuza jioni hapa utawatajirisha madalali tu. Binamu yangu yuko Minnesota anatumia Robinhood, apu ya hisa ya Marekani, ananicheka, wao kamisheni sifuri. Sawa, ila sifuri yenyewe ina mwenyewe, Robinhood inalipwa na makampuni makubwa inayoyapelekea oda za wateja, na tarehe 28 Januari 2021 bei ya hisa za kampuni ya GameStop ilipokuwa inapaa watu waliamka wakakuta hawawezi kuzinunua, kuuza tu. Na hata hivyo ukiwa Tanzania huwezi kuifungua, kwaiyo ubishi wetu ni wa WhatsApp tu.

Kingine usiilaumu apu kwa makosa ya soko. Kuna hisa pale DSE zinakaa siku na siku hazijaguswa, unaweka oda ya kuuza inakaa tu inakutazama, sio kwamba mtandao umegoma, hakuna mnunuzi. CRDB na NMB zinatembea, hizo ndogo ndogo ukiingia jua mlango wa kutokea ni mwembamba. Apu nzuri ni ile inayokuonyesha oda zilizopangwa pande zote mbili, wanaotaka kununua wangapi na kwa bei gani, usione bei ya mwisho tu ukadhani ndo bei ya kuuzia.

Na jaza akaunti ya benki vizuri. Mimi nilikosea tarakimu moja, gawio (faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa) la mwaka wa kwanza sikuliona, nikaanza kutukana watu bure kumbe kosa langu. Gawio lenyewe linakatwa kodi asilimia 5 kabla halijakufikia, usishtuke. Kama haya yote yanakuumiza kichwa, UTT wapo na mifuko yao ya uwekezaji wa pamoja tangu 2005, weka huko ukalale, hamna aibu.

Anayeniudhi kwenye hii habari yote ni mama. Mwaka 2009 CRDB wanauza hisa kwa mara ya kwanza kwa shilingi 150 yeye alijaza fomu ya karatasi benki, akaweka kwenye sanduku chini ya vitenge, mwishoni mwa 2024 bei ilikuwa imeshapita 600 na yeye apu hata hajui ni nini, mimi na apu zangu tatu sijamkaribia. Sasa hivi ndo nahangaika nimuunganishe na yeye kwenye Hisa Kiganjani awe anaona kitu chake, ila jina la babu kwenye ile karatasi lina herufi H na kwenye NIDA halina. Tumeambiwa kwanza hati ya kiapo kwa wakili. Jumatatu nafunga duka mapema tunaenda, ameshaniambia nauli natoa mimi.