Ziara ya Greenwich: nimelipa, nimechekwa, na Flamsteed sikuelezwa

Jamani, kabla hujalipia hii ziara ya kutembezwa Greenwich, kile kituo cha zamani cha kutazama nyota huko London, ya hawa jamaa binafsi wanaokukusanya pale chini mtoni (kampuni siitaji, sitaki kesi), soma hapa kwanza. Nilienda kipindi cha baridi, na nilienda kwa ajili ya mtu mmoja tu, John Flamsteed, mwanaastronomia wa kwanza wa mfalme wa Uingereza.

Tumepanda kilima upepo unakata masikio, tukaingia kile chumba cha pembe nane alichochora Christopher Wren, madirisha marefu hatari, kizuri sikatai. Mtembezaji wetu akaanza, Newton, Halley, Newton, Newton. Nikanyoosha mkono kistaarabu kabisa, samahani, vifaa vya Flamsteed viko wapi? Akaniangalia juu mpaka chini akasema bwana, ukitaka mhadhara nenda chuo, wenzako wanasubiri kupiga picha kwenye mstari wa longitudo sifuri. Watu wakacheka. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko napandwa na hasira.

Na jibu lenyewe ndo utamu wote wa ile nyumba! Vifaa havipo kwa sababu vilikuwa mali yake. Charles II mwaka 1675 alitoa jengo la pauni 520, hela yenyewe imetoka kwenye kuuza baruti iliyoharibika, akaweka mshahara wa pauni 100 kwa mwaka, vifaa jitegemee. Zile saa mbili za fundi saa Thomas Tompion, pendulamu futi 13, ufunguo unatiwa mara moja kwa mwaka, alizigharamia rafiki yake Jonas Moore. Lile tao kubwa la kupimia nyota la ukutani Flamsteed kalilipia mwenyewe pauni 120, yaani mshahara wa mwaka mzima na chenji juu, ndo maana alikuwa anafundisha wanafunzi na kushika parokia huko Burstow. Alipofariki mwisho wa 1719 mkewe Margaret akabeba kila kitu, Halley anakuja kurithi kazi anakuta kuta tupu. Dakika moja tu ingetosha kuyasema haya, dakika moja!

Halafu chumba chenyewe hakikufaa kwa kazi, kuta hazijakaa sawa na kaskazini na kusini, mzee alikuwa anapimia nyota kwenye kibanda huko bustanini. Na ule mstari wa picha ni wa George Airy, mwanaastronomia wa mfalme wa baadaye sana, wa 1851, mtembezaji anatuambia wa Flamsteed. Nikanyamaza, nani anataka kuchekwa tena.

Akafunga kazi kwa kusema Flamsteed alikuwa mzee mnunaji aliyemnyima Newton vipimo. Mnunaji?! Mtu ametukanwa na Newton kikaoni 1711, mwenyewe kaandika kwamba kuitwa kijibwa ndo tusi lililokuwa la upole kuliko yote, mwaka uliofuata Newton na Halley wakamchapia kazi yake bila ridhaa, nakala 400, alipofanikiwa kuzipata 300 akazitia moto. Hata mimi ningechoma.

Ila tuseme ukweli, na yeye alikuwa mgumu. Miaka zaidi ya 30 unalipwa na mfalme, watu wanasubiri vipimo, Newton anahitaji vya mwezi kwa nadharia yake, wewe unasema bado havijakamilika... hapo mtembezaji hakukosea sana. Hapana, kakosea! Orodha yake ilipotoka 1725, kwa nguvu za mjane na wasaidizi wake, ilikuwa na nyota karibu 3000 na hakuna aliyewahi kufikia usahihi ule. Kazi kama ile huifanyi kwa kusukumwa.

Mahali penyewe napapa nyota tano, ziara moja, na hiyo moja ni ya kile kilima. Nendeni wenyewe mlipe kiingilio mlangoni, kaeni kwenye hicho chumba mpaka mchoke. Nimewaandikia nirudishiwe hela yangu, wamenijibu wanathamini maoni yangu na wamenipa kuponi ya punguzo kwa ziara ijayo. Na mtembezaji ni huyo huyo.