Propela ya kushoto kwenye boti ya injini ya ndani, miezi minane sasa

Boti yangu ni faiba ya futi 28, dizeli moja katikati, shafti imenyooka mpaka nyuma, naitumia kuvulia samaki wakubwa nje ya Mtwapa. Giaboksi ilikufa nikapata nyingine ya mtumba, nzima kabisa, ila hii inazungusha shafti kinyume na ile ya zamani, kwa hiyo propela yangu ya kulia, yaani inayozungukia kulia, haikufaa tena nikanunua ya kushoto. Aliyeniuzia akasema hakuna tofauti, chombo kitaenda vilevile. Kwenda mbele sawa, nakubali, lakini rivasi ndo kuna kazi.

Siku ya kwanza nimerudi jioni maji yanapwa, nikaingia gatini kama nilivyozoea miaka yote, ubavu wa kushoto, omo (mbele ya boti) imeelekea gati kidogo, nikatia rivasi nikingoja tezi (nyuma ya boti) ijilaze gatini yenyewe. Ikakimbia! Nikadhani mafuta hayatoshi nikaongeza, ndo ikazidi kwenda kulia mpaka ikagonga boti ya jirani, rangi ikachubuka urefu wa mkono mzima, na nina wageni wanne ndani. Niliumia sana siku hiyo.

Iko hivi: propela ya kulia, ukisimama nyuma ya boti, inazunguka kama mshale wa saa ikienda mbele, na ukitia rivasi inavuta tezi kushoto. Ya kushoto inavuta tezi kulia. Usukani haukusaidii sana hapo kwa sababu kwenye rivasi maji ya propela yanasukumwa mbele, hayapigi sukani iliyo nyuma yake, sio kama mashine ya nje ambayo unaigeuza yote.

Sasa nafunga ubavu wa kulia tu na wallahi napenda kuliko zamani, kiti changu kiko kulia kwa hiyo naziona tairi za gati mpaka zinagusa. Boti nyingi za kuvuta watu wa ski kule Marekani zina propela ya kushoto na dereva yuko kulia vilevile. Kugeuka mahali finyu nageukia kushoto: usukani wote kushoto, gia mbele kidogo, nyutro, rivasi kidogo, mbele tena, usukani siugusi. Ila kusi ikivuma kwa nguvu usitegemee huo mvuto, upepo unaushinda.

Ubaya wake ni kupata ya mtumba, nyingi zinazouzwa ni za kulia. Kabla hujalipa tafuta herufi LH (left hand, yaani ya kushoto) kwenye kitovu, zikiwa zimefutika ilaze chini uitazame kwa ubavu, panga lililo mbele yako likipanda kuelekea kulia hiyo ni ya kulia, likipanda kuelekea kushoto ndo ya kushoto.

Rangi ya jirani nimeshampakia, na fenda zangu zote, yale maboya ya kukinga ubavu, zimehamia upande wa kulia.