Pizomita ya waya unaotetema na kipimamvua chake: tathmini ya mtumiaji

Seti ninayoitathmini hapa, ya kufuatilia miteremko inayoweza kuporomoka, ina pizomita mbili za waya unaotetema (vifaa vinavyofukiwa kupima shinikizo la maji ndani ya udongo), kipimamvua cha kindoo kinachopinduka na kisanduku cha kuhifadhi vipimo. Nimeitumia kwenye mteremko wa udongo wa mfinyanzi uliolalia mwamba uliooza. Naiona inastahili gharama yake, ila kwa yule tu aliye tayari kuifunga ipasavyo.

Wengi huamini kwamba mteremko huporomoka kwa sababu mvua imeuongezea udongo uzito. Uzito huo upo, lakini kinachoponza zaidi ni shinikizo la maji yaliyojaa katika vinafasi vya udongo: maji ya ardhini yakipanda, shinikizo hilo hupokea sehemu ya mzigo uliokuwa ukizibana chembe za udongo pamoja, na msuguano uliokuwa ukilizuia tabaka la juu lisiteleze hupungua. Maji yaliyotulia yakipanda mita moja juu ya tabaka dhaifu, shinikizo kwenye tabaka hilo huongezeka kwa takriban kilopaskali 10.

Kipimamvua hakiwezi kuyaona hayo. Kwa udongo mwembamba, ambao mvua kali ya saa chache hutosha kuuporomosha, kinafaa sana, na hiki hurekodi kila milimita 0.2. Kwenye maporomoko ya kina kirefu, hata hivyo, maji huweza kuchukua wiki kadhaa kufika chini. Huko La Conchita, California, kilima kiliporomoka tarehe 4 Machi 1995, ilhali mvua kubwa zaidi za msimu ule zilikuwa zimenyesha Januari. Kilima hichohicho kiliporomoka tena tarehe 10 Januari 2005, safari hii mvua kubwa ikiwa imenyesha kwa takriban wiki mbili, na watu 10 wakafa. Aliyetegemea kipimamvua peke yake mwaka 1995 angedhani hatari imeshapita.

Hapo ndipo pizomita inapoonyesha thamani yake. Maji husukuma kiwambo chembamba cha chuma, waya uliofungwa nyuma yake hulegea kidogo, mtetemo wake hupungua kasi, na kutokana na badiliko hilo shinikizo hukokotolewa. Kwa kuwa kiwambo huhitaji maji machache mno ili kisogee, jibu huja mapema, tofauti na bomba la wazi ambalo katika mfinyanzi husubiri maji ya kutosha yachuruzike ndani. Niliweka pizomita moja karibu na uso wa ardhi na nyingine kwenye mpaka wa udongo na mwamba. Mvua kubwa iliponyesha, mstari wa ile ya juu ulipanda usiku uleule, lakini wa ile ya chini ulibaki umelala, kisha ukaanza kupanda jua likiwa tayari limetoka.

Kasoro zipo. Kijitabu cha maelekezo kinataja kwa sentensi moja tu kwamba kichujio cha pizomita, ambamo maji hupita kufikia kiwambo, lazima kijazwe maji kabla ya kushushwa shimoni, ilhali hewa ikibaki ndani vipimo huchelewa na hupotosha. Marekebisho ya shinikizo la hewa ya angani hufanywa na mtumiaji mwenyewe. Kindoo nacho, majani yakiziba mdomo wake, huandika sifuri huku mvua ikipiga, na radi ikipiga karibu huweza kuharibu vifaa kupitia nyaya ndefu, kwa hiyo kinga ya radi ingepaswa kuja na seti badala ya kuuzwa kando.

Muuzaji anadai kwamba seti hii inatoa tahadhari ya maporomoko, dai ambalo silikubali. Kifaa hutoa namba. Kiwango cha hatari cha mteremko husika hupangwa na mhandisi anayejua tabaka dhaifu liko wapi. Tena, mteremko ambao hushikiliwa na mfyonzo wa udongo usioshiba maji unahitaji tensiomita, yaani kifaa kinachopima mfyonzo huo, si seti hii. Kwa mteremko wa kina kirefu, fedha zikipungua, ningeacha kipimamvua kabla ya kuacha pizomita ya chini.