Kupiga kambi Lodgepole, jirani na misekwoya ya California

Kama una familia na unataka kuiona misekwoya mikubwa, ile miti minene ajabu, usiende na kurudi siku hiyo hiyo. Lala huko. Sisi tunaishi Los Angeles, na Julai tulipiga kambi Lodgepole, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, pamoja na watoto na mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Tuliridhika sana.

Nafasi huwekwa kwenye tovuti ya Recreation.gov, na za kiangazi huisha mapema. Jazeni mafuta kabla ya kuingia, kwani ndani ya hifadhi hakuna kituo. Barabara ya kupanda ni kona juu ya kona, anayechefukwa akae kiti cha mbele. Kila nafasi ina meza, sehemu ya kuwashia moto na kabati la chuma la kufungia chakula, maana dubu wapo. Dawa ya meno, sabuni na mafuta ya kupaka navyo vinaingia humo, kwa sababu dubu hufuata harufu. Kambi iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo beba nguo nzito. Mama, na joto lake la Tanga, alilala na koti na soksi mbili mbili.

Faida ya kulala pale ni asubuhi. Tulifika Giant Forest, msitu wenyewe wa misekwoya, kabla magari hayajajaa, tukasimama mbele ya mti uitwao General Sherman: urefu karibu mita 84, upana wa shina chini kama mita 11. Ipo miti mirefu kuliko huo, lakini kwa ujazo wa shina hakuna unaoufikia. Mama akauliza umri wake. Nikamwambia inakadiriwa miaka 2,200.

"Subhanallah! Basi Nabii Isa amezaliwa huu upo."

Njia ya kuufikia inashuka, na kurudi ni kupanda. Mwenye magoti mabovu asihangaike, kiangazi kuna basi la bure linalopakia kituo cha chini. Mama alirudi nalo.

Watoto waliuliza kuhusu weusi kwenye mashina. Ni makovu ya moto. Gome la msekwoya hufika unene wa sentimita 60, na joto la moto ndilo hufungua koni zake zimwage mbegu, kwa hiyo moto wa kiasi unaufaa. Ule wa 2020 na 2021 ulipita kiasi, ukaua maelfu ya misekwoya mikubwa. Niliumia kuwaeleza hilo, lakini lazima walijue.

Na waonyesheni watoto wenu habari za Charles Young. Alizaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864, akawa kapteni wa jeshi, na mwaka 1903 akawa mtu mweusi wa kwanza kusimamia hifadhi ya taifa Marekani, hii hii. Wanajeshi wake weusi ndio waliokamilisha barabara ya magari ya farasi hadi Giant Forest. Watu walipotaka kuupa mti jina lake alikataa, akapendekeza la Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani weusi. Sasa na yeye ana wake. Mwanangu alinifanya nimrudilie kisa hicho njiani, na mimi nilikisimulia kwa fahari.

Safari ijayo tutaongeza usiku mmoja kwa ajili ya maporomoko ya Tokopah, maana njia yake inaanzia pale pale kambini.