Maktaba ya Sheria ya Los Angeles: uzoefu wangu, na kwa nini isiwekwe chini ya mahakama

Kama unaishi kaunti ya Los Angeles, una barua ya mwenye nyumba au ya mwajiri mkononi na hela ya wakili huna, nenda LA Law Library. Iko First Street, katikati ya jiji, jirani na mahakama ya Stanley Mosk. Naipa nyota tano. Kuna wazo kwamba maktaba za sheria za kaunti kama hii zikabidhiwe kwa mahakama; mbele nitaeleza kwa nini nalipinga. Si lazima uwe wakili wala mwanafunzi wa sheria. Kifungu cha 6360 cha sheria ya California inayosimamia maktaba hizi kinasema kila mkazi wa kaunti ana haki ya kuingia na kusoma bure, sawa na jaji.

Lililonipeleka mimi ni dipoziti. Mwenye nyumba wangu, kampuni yenye majengo mengi, alinitoza dipoziti ya miezi miwili, na nilipohama akaizuia yote kwa kisingizio cha zulia na rangi ya ukuta. Nikamweleza mkutubi. Kwanza akaniambia kwamba hatoi ushauri wa kisheria, kazi yake ni kuonyesha sheria ilipo. Kisha akaninyanyulia juzuu nene lenye sheria na maelezo ya hukumu, akafungua kifungu cha 1950.5, kinachohusu dipoziti za nyumba, na kabla sijasoma hata mstari mmoja akaligeuza mpaka jalada la nyuma. Humo mna kijitabu chembamba kilichochomekwa. Akasema nianze na hicho, maana ndicho kipya.

Alikuwa na sababu. Juzuu lenyewe bado liliruhusu dipoziti ya miezi miwili. Kijitabu kikasema tangu tarehe 1 Julai 2024 mwisho ni kodi ya mwezi mmoja, isipokuwa kwa wenye nyumba wachache wadogo. Nikasoma pia kwamba mwenye nyumba ana siku 21 za kurudisha hela au kuonyesha makato kwa maandishi, na akizuia kwa nia mbaya anaweza kuamriwa akulipe dipoziti yako na juu yake hadi mara mbili ya kiasi hicho. Nikaandika barua, nikataja kifungu, nikamwambia fomu SC-100, ya kufungulia kesi kwenye mahakama ya madai madogo, nimeshaijaza. Huko wakili haruhusiwi kumsemea mtu, kwa hiyo tungesimama wawili sawa. Hundi ikaja.

Nimekaa sana kwenye kijitabu kwa sababu ndicho kinachokula hela. Vitabu vya sheria hulipiwa upya kila mara, na maktaba ikishindwa kulipa, msomaji anasoma sheria iliyokwisha kufa bila kujua. Maktaba hizi zipo kwa sheria ya mwaka 1891. Kila moja ina bodi yake ya wadhamini, yenye majaji na mawakili, na hela nyingi zinatoka kwenye sehemu ndogo ya ada ambazo watu hulipa wakifungua kesi za madai. Kesi zikipungua, hela zinapungua. Na mtu asiye na uwezo anaposamehewa ada, jambo ambalo ni haki kabisa, maktaba haipati kitu kwenye kesi ile, ilhali mtu huyo ndiye atakayeihitaji kuliko wote. Mwaka 2018 jimbo lilizipa maktaba za kaunti dola milioni 16.5, lakini ilikuwa msaada wa mara moja.

Hapo ndipo linapoingia wazo la kuzikabidhi kwa mahakama. Si wazo la kipuuzi. Mwaka 1997 gharama za mahakama zilihamishwa kutoka kaunti kwenda jimboni, maktaba zikaachwa kama yatima. Majaji tayari wamo kwenye bodi. Massachusetts na Connecticut, mahakama ndizo zinazoendesha maktaba za sheria, na wananchi wanaingia.

Mimi napinga hata hivyo. Jaji ana kompyuta yake na wasaidizi wake. Siku bajeti ya mahakama itakapobana, nani atakatwa kwanza: karani wa chumba cha kesi, au mkutubi anayemfungulia mpangaji jalada la nyuma? Halafu kuna suala la mlango. Tangu maofisa wa uhamiaji waanze kukamata watu kwenye korido za mahakama hapa Marekani, wahamiaji wengi, hata wenye karatasi zao, hawataki kukanyaga jengo la mahakama. Kwenye maktaba wanaingia. Na anayetafuta namna ya kukata rufaa anastahili kusaidiwa na mtu ambaye mshahara wake hautoki kwenye mahakama ile ile anayoilalamikia.

Ninachotaka ni jimbo litenge hela za kila mwaka, zisizotegemea idadi ya kesi, na bodi ibaki ilivyo. Mwandikie mbunge wako wa jimbo, mweleze maktaba ilivyokusaidia.

Ukienda, beba mkataba wako na kila barua uliyopokea. Kompyuta za Westlaw, hazina ya mtandaoni ya sheria na hukumu, ni bure, ila anza na mkutubi. Na kama ulicholetewa ni kesi ya kufukuzwa kwenye nyumba, nenda siku hiyo hiyo. Tangu Januari 2025 una siku 10 za kazi za mahakama kujibu kwa fomu UD-105; zikipita bila jibu, mwenye nyumba anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa.